Chungu Kisicho na Haraka

Nyama kilo tatu, imesagwa mara mbili
kwa Faki pale sokoni Wete. Nikamwambia,
usinitilie mafuta, wee Faki, leo si siku ya mzaha,
leo tunamuaga Biubwa.

Miaka thelathini na miwili mkunga.
Nusu ya Jadida imepita mikononi mwake
ikipiga kelele.

Thomu na tangawizi nimetwanga,
bizari nzima, pilipili manga, kotmiri konzi moja,
slesi za mkate wa jana zimerowa maziwa,
yai. Kisha mkono. Mwiko haujui nyama,
mkono ndio unaojua ikishashikana.

Nafinyanga ndogondogo, za kutiwa kinywani mara moja,
mtu asije akamegamega mbele za watu.
Moja, mbili, ishirini, Mize ananisemesha,
hesabu imepotea, naanza upya.
Tisini na sita,
na kitonge kilichobaki, hakijafika kuwa kababu
wala si cha kutupwa.
Nikakiviringa hivyo hivyo. Biubwa husema:
mdogo naye ni mtu.

Kwenye kikaango nikazipa rangi tu, hazikuiva.
Salha aliniletea kutoka Maskati
chungu cha umeme, kizito, kifuniko cha kioo,
kifungo chake kina alama tatu.
Mwaka mzima nimekiwekea vitunguu.
Leo nimekiosha.

Chini tungule za kusaga, pilipili mbuzi mbili, chumvi,
na chupa nzima ya jemu ya mabungo
niliyopika mwenyewe msimu uliopita.
Mize akashika kiuno: "Jemu? Kwenye nyama?"
Nyamaza, Mize. Ukali na utamu ni ndugu wa tumbo moja,
hugombana mpaka wapikwe pamoja.

Nikafunika. Alama ya chini, saa nne.
Sharti moja: usifunue.

Mize alifunua.
Akafunua tena. "Mbona hakichemki?"
Kila ukifunua, nikamwambia, unakirudisha nyuma nusu saa.
Ndipo nikaisikia sauti yangu, na si yangu.
Usiku ule wa masika, kandili inafuka moshi,
mie nimeuma ncha ya kanga, nataka kusukuma,
na Biubwa anakunywa chai. Kweli, anakunywa chai,
ananambia: bado. Usisukume. Kinajua saa yake.
Nilimtukana. Nikamtukana na mama yake.
Akamaliza chai.

Saa kumi na nusu, imebaki saa moja,
umeme ukakatika.

Mize akanitazama kama mie ndiye niliyeuzima.
Sikufunua. Nikaleta blanketi,
taulo, na kanga juu yake,
nikakifunga chungu kama mwana wa siku moja,
kikakaa gizani na moto wake wa tumboni.

Vijiti vya meno, dukani hakuna.
Tukafungua ufagio mpya, haujagusa sakafu,
tukazikata chelewa vipande, tukazichonga ncha.
"Chelewa, chelewa," Mize akaanza,
nami nikamalizia, "utamkuta mwana si wako,"
tukacheka hata kisu kikaniponyoka.

Magharibi imeshaswaliwa. Nyumba imejaa
wanawake aliowazalisha, na wanawake aliowapokea,
na wengine ni yote mawili.
Nikaingia na furushi kifuani.
Yeye yuko kiti cha mbele, kikuba kinanukia,
viatu vipya vinambana, amevivua kisigino.
Hakuuliza ni nini.
Alisogeza blanketi kwa kidole,
akaweka mgongo wa kiganja ubavuni mwa chungu.
"Joto lake zuri," akasema. "Saa ngapi?"

Kile kidogo alikila yeye.
Sikumwonesha. Alipitisha kijiti juu ya sinia zima,
akaviacha vikubwa,
akakichagua.