Malimbikizo

Simu ilitetemeka juu ya mfuniko wa sufuria
nikiwa namchotea mbaazi mteja wa tatu.
Laki moja na elfu arobaini na tatu, mia nane na sitini.
Nikaisoma kwa miwani, nikaisoma bila miwani.
Mteja akasema, mama, nazi inamwagika.

Mwadime wangu, tarishi wa ofisi ya ardhi,
miaka thelathini na mmoja alibeba hati za watu
kutoka chumba cha nne hadi chumba cha tisa,
akafa bila hati ya kwake, hata ya ardhi ya upana wa mkeka.
Serikali imemkumbuka leo, Jumanne,
miaka kumi na mmoja baada ya Mungu.

Sasa hesabu.
Sehemu ya kumi ni elfu kumi na nne, mia tatu themanini na sita.
Hapo hapana ubishi, mtoto wa darasa la nne anajua kuhamisha nukta.
Lakini Mwadime alitoa fungu lake kabla ya makato.
"Mungu hali makombo ya Hazina," akisema,
akiilamba bahasha taratibu, kama stempu.
Basi pesa hii si ndiyo ile ile waliyomkata?
Si ilikwisha kupita kapuni?
Nguo iliyofuliwa huifui tena
ati kwa sababu imechelewa kuanuliwa.

Nikamuuliza mweka hazina Shuma, mlangoni mwa kanisa, Mikindani.
Macho yakamng'aa. "Hukuitarajia?
Basi hilo si fungu la kumi, dada. Ni malimbuko. Ni yote."
Malimbikizo, malimbuko:
herufi chache tu zimepungua,
na ndani ya hizo herufi
tumo mimi na wajukuu watatu, tunakula.

Nikamuuliza Bi Mwanamkasi, ninayegawana naye ukuta na kamba ya nguo.
Akacheka hadi leso ikamvuka kichwani.
"Zaka yetu ina adabu, jirani. Pesa kwanza ifike kiwango,
kisha ilale nyumbani mwaka mzima, ndipo idaiwe."
Mwaka!
Kwangu pesa haijawahi kulala.
Huingia na viatu vyake miguuni.

Usiku nikalifungua daftari nitoe gharama:
nauli ya mjini, kwenda na kurudi, safari sitini na mbili;
picha za pasipoti mara nne, kwa kuwa uso ulizidi kuhama;
kiapo cha wakili kwamba mimi ndimi mke;
kiapo kingine kwamba yeye ndiye aliyekufa;
chai ya kijana wa dirisha la pili, na wala hanywi chai.
Rudi Jumatatu. Faili limekwenda Nairobi.
Faili limerudi, karani ndiye amekwenda Nairobi.
Ewe Mola, wahesabu kabla ya nauli au baada?

Mwaka wa tatu, Mghoi alipolazwa Makadara,
niliacha kutoa. Miezi saba.
Namba yetu ya bahasha, 212, wakampa mtu mwingine.
Hakuna aliyeniambia. Niliiona tu
mkononi mwa bi harusi mpya, kucha nyekundu.

Kwa hiyo nilitaka kuwapa shilingi sita.
Zile sita za mwisho, basi.
Nililala na wazo hilo, likaninogea hadi alfajiri.

Jumapili nikatoa kumi na nne na ushee, zote.
Si kwa ajili ya Shuma. Wala si kwa kuogopa nzige.
Ni kwamba nilipofumba macho
niliuona ulimi wake ukingoni mwa karatasi.
Nikailamba mwenyewe, haikushika,
na sarafu ya tano na ya moja zikachomoka,
zikalia kapuni, watu wakageuka.

"Jina?" akauliza binti wa daftari.
Mwadime Mwakio.
"Namba?"
Alikuwa nayo.
Akapekua mbele, akapekua nyuma,
foleni ikakohoa,
akamwandika ukurasa wa mwisho kabisa
chini ya kichwa: WAGENI.

Mgeni, aliyeupaka rangi mlango ule mara mbili.

Sikumsahihisha.
Kesho Jumatatu, watu watataka mbaazi,
nami nazi sijakuna.