Penseli Kwanza

Fomu imekaa mezani siku ya tatu,
juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua yaliyochubuka,
na kila apitaye huisoma kama barua ya posa.

Baba kasema PCB.
Hakuongeza neno. Aliweka tu kibakuli chake cha vidonge,
cha presha, cha sukari, kile cheupe cha usiku,
karibu na fomu, akaenda kusali.
Ukichukua hiyo, hesabu unayobeba ni ndogo,
hesabu ya kusindikiza, ndivyo tunavyoiita skuli,
inayokaa kiti cha nyuma na kushuka njiani.

Mjomba Faki, aliyetoka Chake kwa harusi tu,
kasema PCM, kasema uinjinia,
kasema na bei ya saruji.

Mwenyewe nina C.
Mwalimu Shaame aliitazama C yangu
kama mtu anayenusa maziwa ya jana:
"Si ya kumwaga, si ya kumkaribishia mgeni.
Hesabu kubwa itakuuliza jina lako kila asubuhi,
na siku utakayosita itakufungia mlango."

Dada Bimize ndiye aliyeipita njia hiyo.
Miaka miwili Unguja, dahalia, kitanda cha juu,
PCM kwa sababu alama ziliruhusu
na kwa sababu hakuna aliyemuuliza.
Alirudi Wete na F moja, nyembamba kama msumari.
Sasa anapima vitambaa dukani Mtemani
na F hiyo haitajwi nyumbani,
hata wageni wanajua pa kuikwepa.

Jana usiku umeme ulikatika.
Akanitolea daftari lake la zamani.
Kurasa za mwanzo mwandiko umesimama wima;
kufika katikati, alama za kokotoo
zimepinda kama ndoana zisizo chambo,
na pembeni, kwa wino mwekundu wake mwenyewe:
sielewi, sielewi, nimechoka, sielewi.

Nilidhani ananionesha kaburi.
Kumbe anautafuta ukurasa wa mwisho,
swali moja la uwezekano:
mfuko, shanga nyeupe, shanga nyekundu, mkono usioona.
Kalifanya mara tisa, kwa njia tisa.
Hakuna aliyemtuma.

"Hili halikuja kwenye mtihani," akasema.
"Hili nililipenda tu."
Akazima tochi ya simu kuokoa chaji,
na gizani sauti yake ikawa ya mtu mwengine:
"Usiniulize ipi ina heshima.
Niambie, hesabu gani ukiikosea huichukii?"

Nililala na swali hilo kama mchanga kwenye shuka.
Nikaukumbuka upatu wa mama:
wanawake kumi na mmoja,
mmoja kafiwa, mmoja kachelewesha miezi miwili,
mmoja anataka zamu yake ije kabla ya Mfunguo Tatu,
na mimi na karatasi, mpaka adhana ya alfajiri,
nikizipanga zamu upya asidhulumiwe mtu.
Nikikosea. Nikifuta.
Nikicheka peke yangu kama mwehu.

Ipo EGM. Uchumi, jiografia,
na hesabu ileile kubwa, mlango uleule mkali.
C yangu ni nyembamba, najua.
Nimemuomba Mwalimu Shaame jioni tatu kwa wiki;
kasema mbili, na nisichelewe.

Asubuhi nikaandika. Penseli kwanza.
Nikafuta. Nikaandika tena palepale.
Baba akaja, miwani imeshuka puani.
"Na hii, kazi yake nini?"
"Sijui bado, baba."

Akazisoma zile herufi tatu,
akarudi mwanzo, akazisoma tena,
kidole chake kikitembea chini ya kila moja.
Halafu akainama, akapuliza masazo ya raba
kutoka kwenye karatasi, polepole,
kama anayepoza uji wa mtoto,
akachomoa kalamu ya wino mfukoni
na kuiweka kando ya kibakuli cha vidonge.