Kipimo cha Uso Wangu

Aliyehesabu ni dada yangu Athieno.
Alikuja Malaba kwa mazishi, tukalala chumba kimoja,
asubuhi akanimiminia chai, akasema:
"Usiku umekata roho mara thelathini,
kisha nikachoka kuhesabu."

Nikacheka. Nilidhani kukoroma ni tabia tu,
kama kupenda chumvi.
Nilidhani kusinzia juu ya hati za forodha
ndiyo mshahara wa kuzeeka na malori,
muhuri mkononi, kidevu kifuani,
na dereva dirishani akinong'ona: "Mama. Mama, muhuri."

Kampala walinifunga nyaya usiku kucha.
Daktari akaniandikia mashine ya kusukuma hewa.
Niliuza ng'ombe wawili, kiwanja cha Osukuru nikakiweka rehani,
nikarudi na sanduku la kijivu
nimelipakata njia nzima kama kichanga.

Barakoa yake ilikuwa ya uso wa mtu mwingine,
mtu wa kidevu kipana na pua ndefu.
Pale uso wangu unapokoma, yenyewe inaendelea.
Hewa ikatorokea pembeni, ikanipiga machoni,
ikapuliza filimbi hadi mbwa wa jirani wakaitika.
Nikakaza mikanda.
Nikaamka na kidonda kwenye mwamba wa pua,
mimi binti wa Tororo, mji wa mwamba.

Nikapiga simu. Ssemwanga wa dukani ana sauti ya asali:
"Utazoea, mama. Wenzako wote wamezoea."

Wiki tatu nikajaribu kuzoea.
Mtu huzoea vumbi, huzoea honi za usiku,
huzoea hata mume aliyeondoka.
Mapafu hayazoei.

Ndipo likaja lori moja, hati inasema vigae,
ndani matairi.
Nikaandika bila kufikiri: *Haulingani. Urudishwe.*
Kalamu ikasita hapo.
Miaka kumi na tisa narudisha mizigo ya watu,
na wangu niliupokea kichwa chini,
nikasema asante.

Nikanunua daftari.
Tarehe. Saa niliyolala. Saa niliyoivua. Kidonda: ndiyo.
Kidonda: ndiyo.
Kidonda: ndiyo, na damu.
Nikajipima mbele ya kioo kwa rula ya mwanangu,
kutoka mwamba wa pua hadi chini ya mdomo:
milimita themanini na mbili.
Sikuwahi kujua kwamba uso una hati yake.

Nikaenda mwenyewe. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu,
nikapumzika kila ngazi ya kumi, sikuona haya.
Ssemwanga akafungua kinywa kuniambia nitazoea,
nikalifungua daftari mbele yake.
"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," nikasema.
"Mimi nimekilalia.
Kunguni wote nimewaandika, kwa tarehe."

Akamwita mkubwa wake.
Mkubwa akasema dhamana haihusu umbo la sura.
Nikamwomba aiandike sentensi hiyo, atie sahihi.
Hakuiandika.
Akaniletea kiti.

Maboksi yakashuka kutoka stoo, moja baada ya jingine.
La nne lilikuwa na kidude kidogo, cha puani tu,
chepesi kama kidole cha mtu anayekuambia nyamaza.
Kilinikaa.
Sikunyamaza. "Na umeme ukikatika?"
"Betri zimeisha, mama. Mwezi ujao."
"Tarehe ngapi?"
Akatazama dari. Akataja Alhamisi.
Nikaandika Alhamisi, nikamgeuzia daftari aione.

Jana usiku Malaba yote ilizimika.
Mashine ikashusha pumzi ndefu, ikanyamaza,
nami nikaibuka kutoka chini ya kitu kizito,
nikipapasa mdomo wazi gizani.
Sikulia. Nikawasha tochi ya simu,
nikaandika: *saa nane na dakika kumi.*
Nikapiga mstari chini yake,
kisha nikakaa kitako, mgongo ukutani, macho makavu,
nikiisubiri Alhamisi.