Viungo Visikutane

Mvua ya Bukavu haina haya mwezi wa nne.
Imenifungia kazi kule Panzi: ukuta umefika kiunoni,
mchanga umeteremka na mtaro kuelekea Ruzizi,
na mwenye nyumba hapokei simu.
Mwiko nimeuning'iniza msumarini.
Imebaki mikono, ya miaka thelathini na mmoja ya saruji.
Haijui kukaa.

"Baba," akasema Nabintu, mke wa mwanangu,
"sogea, nikupe kazi ya ndani."
Akamwaga gunia katikati ya sebule:
vipande vya mafundi wa Kadutu, vile vinavyofagiwa jioni,
kikwembe cha samaki, kikwembe cha feni,
kijani cha tarehe nane Machi,
chekundu cha sare ya harusi ya Zihindula
(mkewe alishamrudia mama yake, rangi haijachuja),
na njano,
njano ya ndizi iliyolala.

Nikacheka. Mwanamume wa umri wangu!
Lakini baridi ya usiku haikucheka,
na mjukuu alikuwa njiani, miezi minane tumboni.

Akanipa kadibodi, kaikata kwenye boksi la sabuni:
"Kila kipande kiwe hiki. Si zaidi."
Hapo tukaelewana. Kipimo nakijua,
tofali ni tofali hata likiwa na maua.
Nikakata sabini kwa mkasi unaouma kidole gumba.

Kugombana tuligombana saa ya kupanga.
Yeye anataka pembe zikutane, nne nne, kama njia panda.
Mimi nikavisukuma nusu, safu kwa safu,
kila kiungo kikae juu ya tumbo la kipande cha chini.
"Baba, umevuruga."
Nikamwambia, binti, viungo vikifuatana wima
ufa hupata ngazi.
Siku ardhi ilipotetemeka
ukuta wa jirani ulifunguka kama zipu.
Wangu uliuma meno, ukasimama.

"Kitambaa hakimwangukii mtu, Baba."

Nikanyamaza. Ni kweli.
Lakini sikuvirudisha.

Sindano ndiyo iliyonishinda.
Uzi hauoni tundu, au tundu halinioni mimi.
Nikaulamba, nikausokota, nikaukosa.
Asifiwe, mtoto wa nyumba ya nyuma,
akaupitisha bila kuangalia, huku anatafuna muhogo.

Umeme ulikatika Jumanne, ukarudi Ijumaa.
Mishono ya siku hizo utaijua tu: imelewa,
inakwenda kama siafu waliopotezana.
Nabintu akashika wembe, afumue.
Nikasema iache. Katika kila ukuta niliojenga
lipo tofali lililowekwa na mwanafunzi,
nalo linabeba kama mengine.

Ndani tukatia blanketi lililochoka,
nyuma shuka la buluu,
fundo moja kila kona ili visitembee,
kisha pasi ya makaa, na harufu ya pamba mbichi ya mvuke.
Nikalitundika mlangoni, nikalishushia timazi.
Limeinama vidole vitatu upande wa kushoto.
Nabintu alicheka hadi akashika kiuno,
nikaogopa, nikamwambia kaa, kaa chini.

Hakuzaa siku hiyo. Alizaa Jumapili,
msichana, amekunja ngumi,
akafunikwa samaki na feni,
na harusi ya Zihindula ikamwangukia miguuni.

Mvua ikaacha. Simu ikalia.
Nimerudi Panzi, ukuta umenisubiri, umeota ukungu.
Nanyoosha kamba, nachanganya udongo na saruji,
halafu nasimama mbele ya rundo la matofali,
lililoiva sana hili, jekundu la damu,
lile limefifia, lile lina moshi ubavuni,
nachagua, narudisha, nachagua.

"Mzee," anaita mwenye nyumba, viatu mkononi,
"unatafuta nini?"

La njano, nikamjibu.
Akadhani natania.