Sifuri Nukta Sifuri

Kila siku saa tatu asubuhi, kengele ikishalia,
natoka ofisini na daftari kwapani
hadi nyuma ya jiko la shule, hapa Gatina,
penye kopo la shaba lililosimama wima
kama askari aliyesahauliwa lindoni.
Nachungulia.
Naandika: sifuri nukta sifuri.
Nimeandika hivyo tangu shule zifunguliwe.
Kalamu sasa inaijua njia.

Februari ilituanika kama mahindi.
Vumbi jekundu liliingia hata kwenye sukari,
likapanda miguu ya watoto, likajichora mstari,
ukiwavua soksi unadhani wamevaa nyingine.
Mchana mabati yalilia ta, ta, yakijinyoosha,
nasi tukainua macho kila mara, tukadanganyika kila mara.
Gichohi alipandisha mtungi toka ishirini hadi hamsini,
na mkokoteni wake ukapata heshima ya gari la arusi:
ukipita, watu wanasimama.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.
Mwaka huu mawingu yalikuwa dalili ya mawingu.
Yalishuka toka Ngong saa kumi, meusi, yamenuna,
Mama Mbithe akaanua mbio mbio
mashuka ya matajiri wa Lavington,
na mawingu yakatupita, yakaenda kunyesha sijui kwa nani.
Akaanika upya. Akatukana kwa Kikamba,
polepole, kwa ufasaha.

Kisha Jumanne moja ya Machi, asubuhi kavu kama biskuti,
nikachungulia nikakuta maji.
Milimita nne nukta mbili.
Nikatazama ardhi: vumbi.
Nikatazama jani la mpera: vumbi.
Nyuma ya tangi tupu nikaona viatu viwili,
kimoja hakina kamba.
Kwamboka, wa gredi ya tatu,
mkononi chupa yake ya maji ya kunywa, limebaki tone.
"Mwalimu, umeandika sifuri siku nyingi mno.
Nikaona watakufuta kazi."

Ningefanyaje? Idara inataka ukweli.
Nikaandika sifuri nukta sifuri,
na pembeni, kwa penseli, mahali asiposoma mtu:
4.2, kutoka kwa Kwamboka.
Kisha nikamjazia chupa kwa chai yangu.

Siku tisa baadaye ilikuja usiku, bila hodi.
Kwanza harufu, ya udongo uliokuwa umebana pumzi,
kisha mabati, wala si ta, ta,
ni gunia zima la maharagwe limepasuka juu yetu.
Stima ikapotea, kama ada,
na gizani mtaa mzima ukaitikia kwa vyombo:
ndoo, karai, sufuria, beseni la mtoto,
hata helmeti ya jirani wa bodaboda,
vyote vimekinga midomo chini ya paa.

Asubuhi kumbikumbi wameacha mabawa mlangoni
kama wageni walioacha viatu.
Mtaro umeziba, barabara ni mto wa chai ya maziwa,
na Gichohi yuleyule, mkokoteni uleule,
anavusha watu hadi kwenye lami, shilingi ishirini kichwa.
Mitungi yake imelala ubavu, haina kazi.
Mama Mbithe amekaa kizingitini, shuka la mtu mapajani,
anatukana tena, ila leo anacheka katikati.
Huko bondeni wamepandisha magodoro juu ya meza
na watoto juu ya magodoro.
Hilo halina safu katika daftari langu.

Saa tatu. Kopo limekaribia kufurika.
Nimemwita Kwamboka, nimempa kipimo ashike,
mikono miwili, kama anabeba yai.
Anasoma kwa sauti, pua karibu iguse maji:
"Thelathini na nane nukta sita."
Naandika. Wino unasambaa kidogo, karatasi ina unyevu.
Yeye bado hajaridhika,
ananivuta mkono wa sweta:
"Mwalimu, zile zangu umezitoa?"