Daftari la Wasio na Pasi

Tarehe mosi Aprili nimechukua likizo,
siku nilizozidunduliza tangu mwaka juzi,
na daftari kuukuu la forodha ya Wete
lenye safu za Jina, Atokako, Aendako, Mzigo.
Mkuu wangu kauliza, "Unasafiri?"
"Wanasafiri wengine," nikamwambia. "Mimi nawaaga."

Darubini yangu ina ukungu jicho la kushoto,
kwa hiyo kila ndege namwona nusu,
nusu nyingine naimalizia kwa kumjua.

Siku ya tatu, Kigomasha, maji yamekupwa:
sululu mia na kumi na wawili,
midomo imepinda kama shazia la kushonea magunia,
wanakula kaa kwa haraka
kama msafiri alaye amesimama.
Vitwitwi wamebadili nguo. Septemba walikuja
na kijivu cha uchovu wa njia;
sasa vifua vyekundu, tayari kwa harusi
huko theluji inakoyeyuka, nisikofika mimi.
Nimeandika, Aendako: kwao.
Kisha nikafuta.
Miezi saba wapo hapa. Kwao ni wapi?

Siku ya tisa, mvua.
Siku ya kumi, mvua, na yangeyange mmoja
ambaye hendi popote, namjua, ni wa jalalani.
Mke wangu kauliza leo nimeleta nini.
"Mbayuwayu arubaini."
Kafunua sufuria: "Haya, tutie nazi."

Siku ya kumi na nne ikalia simu.
Bi Asaa, mkulima wa mwani, Tumbe:
"Njoo mbio, kuna dege hapa
lina mdomo kama mwiko wa kupakulia wali!"
Nikaazima Vespa ya Shaame,
nikaipita Konde bila kofia, karibu bila breki,
tairi likapasuka penye tope, nikatimua kwa miguu,
na maji nayo yanakimbia, yanajaa.
Nilimkuta kasimama, bahari magotini,
kamba za mwani begani.
"Limekungoja," kasema, "hata likachoka."
Akanionesha nyayo kwenye kisehemu kilichobaki,
vidole vitatu mbele, kimoja nyuma,
kila wayo sawa na kitanga changu,
na maji yanaulamba mmoja baada ya mwingine.
Akaokota kijiti akalichora, mdomo kwanza.
Miaka kumi na tisa naangalia ndege.
Yeye huangalia mwani, na ndege humjia.
Nimeandika: Mdomo-mwiko, mmoja.
Shahidi: Asaa binti Faki.
Kwenye safu ya Mzigo: wivu wangu.

Usiku ule nililala karibu na msitu wa Ngezi.
Bundi mdogo wa kisiwani alilia mlio mmoja mmoja,
kama mtu anayehesabu, akasahau alipofika,
akaanza upya.
Huyu hana safari, wala babu zake hawakuwa nayo.
Sikumwandika.

Siku ya ishirini na mbili keremkerem walipita juu ya Wete,
juu mno, sikuwaona, niliwasikia tu,
kama gololi zikisuguana mfukoni mwa mtoto.
Nikamtumia dada yangu Zuwena ujumbe, Maskati:
"Watakupitia. Chungulia dirishani."
Akajibu dirisha lake linatazama ukuta
na watoto wa watu hawajaoga.

Siku zilizobaki niliwahesabu wanaopungua.
Sululu tisini. Sululu thelathini na mmoja.
Sululu mmoja, mguu wake mbovu,
akitazama upande wa kaskazini, au labda akitazama kaa.

Kesho narudi forodhani.
Jioni hii Zuwena katuma sauti:
mashine ya kukaushia nguo imeharibika,
wamempeleka kuanika darini;
pesa atatuma Alhamisi; je, mama amemeza dawa?
Na nyuma ya maneno yake, mbali, juu,
gololi.
Nimesikiliza mara kumi na moja. Yeye hakujua.
Nimefungua ukurasa wa mwisho:
Jina: keremkerem, idadi haikupatikana.
Atokako: Wete.
Aendako: alikopita Zuwena na mbele zaidi.
Mzigo: dada yangu akiuliza kama mama amemeza dawa.