Saba Nukta Nne

Baba ndiye aliyeandika WAACHE WASEME
ubavuni mwa mtumbwi wa Manyerere,
na RIZIKI HAINA MWENYEWE, na ule mwekundu
uliozama jina lake likiwa bado bichi.
Mwalo mzima wa Igombe ulisomeka kwa mkono wake.
Herufi zake nilizijua kabla sijaanza shule:
S iliyovimba tumbo, K inayopiga teke.

Mwaka ule S zikaanza kulewa.
Manyerere alitania, kisha akanyamaza,
kazi akampa kijana wa Kayenze.
Baba akailaumu rangi, akailaumu brashi,
akalilaumu jua la saa nane juu ya maji.
Hakuilaumu chai, vijiko vinne asubuhi na jioni,
wala vile vidonge alivyomeza
siku za kujisikia vibaya tu,
kama mtu anayekumbuka komeo akishaibiwa.

Tukapanda Bugando.
Herufi zilining'inia ukutani, naye akazisoma zote
hadi mstari wa chini kabisa.
Muuguzi akatabasamu. Mimi sikutabasamu.
Nilimwona tukiwa kwenye foleni,
pua imegusa karatasi,
akizikariri kama jina la mteja.
"Mpe ubao mwingine," nikasema.
Kimya.
Sijawahi kumsaliti ila siku ile.

Wakamtia matone, mboni zikatanuka.
Daktari, binti wa umri wangu, akachungulia na taa yake,
akasema vimishipa vya nyuma ya jicho vinavuja,
na lile povu la mkojo, ambalo baba hakulitaja
mpaka alipoulizwa mara ya tatu,
ni figo zinaachia kilichopaswa kushikwa.
"Ni sukari ile ile, mzee. Miaka kumi
inaingia chumba hiki na kile bila hodi."

Baba akauliza swali moja:
"Chombo kikivuja nakipiga kalafati. Hiki je?"
Hakumdanganya.
"Maji yaliyokwisha kuingia siwezi kuyakumba yote.
Panapovuja tutapachoma kwa mionzi.
Tundu jipya ndilo tunaloweza kulizuia,
mimi, wewe, na kidole chako kila asubuhi."

Alinuna wiki mbili.
Ugali wa udaga tulimpimia ngumi moja,
akatutazama kama wezi wa nyavu.
Chai isiyo na sukari aliipa jina:
maji ya kuoshea brashi.

Kisha Jumapili moja nikasikia harufu ya rangi.
Nyuma ya mlango wa jikoni
ameandika tarakimu za shubiri mbili mbili,
kwa weupe uliobakia wa mitumbwi,
na kivuli cha bluu pembeni, kama zamani:
kumi na moja nukta nane.
Kesho yake akapaka juu yake tisa nukta sita.
Siku ya harusi ya Milembe, kumi na nne kasoro,
hiyo nayo aliiandika, haikufichwa.

Mimi hutoboa kidole, husoma kimashine, hutaja.
Yeye huchovya brashi.
Ukuta umenenepa kwa rangi,
wageni huuliza ni chombo gani hicho.

Leo saba nukta nne.
Mguu wa ile nne umetoka nje ya mstari.
Sikumwambia.
Aliipapasa kwa kidole kile kile,
akaacha kitone chekundu kwenye weupe,
akasema, "Kinavuja, ila kinaelea,"
halafu akadai maji yake ya kuoshea brashi,
yawe ya moto.